Mbwa anamaliza ugali sekunde 30, anaurudisha, anaula tena

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mbwa dume chotara wa German Shepherd anaitwa Simba, anatulindia uwanja usiku, ana miaka miwili na nusu, tulimpima kwa mzani wa bafuni akawa na kilo 30. Namlisha mara moja tu kwa siku, saa tatu usiku, ugali wa dona wa robo kilo ya unga na dagaa kiganja kimoja. Anamaliza hata sekunde 30 hazifiki, alafu dakika tano mbele anaurudisha wote chini na anaula tena mbele ya watu. Kuna na kambwa kengine kadogo, Popi, kanakula pembeni yake. Nimeanza kumnyang'anya bakuli katikati ya kula ili ajifunze ustaarabu, sasa ameanza kuninguruma. Jirani kasema ninunue stendi ya kunyanyua bakuli. Huu ulafi unatibika kweli? (Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakushukuru kwanza kwa hizo namba, manake watu wengi wananiandikia "dokta mbwa wangu mlafi" basi, hamna uzito, hamna kipimo cha chakula, hamna saa, naanza kupiga ramli. Wewe umenipa kila kitu na nadhani hujajua kwamba jibu nusu umeliandika mwenyewe.

Hebu tupige hesabu pamoja. Unga wa mahindi una kalori kama 360 kwa gramu 100, kwahiyo robo kilo yako ni kalori 900. Dagaa wakavu kiganja kimoja tuseme gramu 30, weka kalori 100. Jumla 1,000. Sasa mbwa mzima wa kilo 30 anayezunguka uwanja usiku kucha anahitaji kama 1,400 kwa siku, kuna wanaohitaji pungufu kidogo na kuna wanaohitaji zaidi, ila 1,000 kwa Simba ni ndogo. Na hiyo 1,000 yenyewe anaisubiri masaa 24. Mdogo wangu, mtu aliyekula jana saa tatu usiku, akakesha akilinda geti, akashinda na jua lote la Dar, akaletewa sinia leo saa tatu usiku, atatafuna mara ngapi? Huyo mi simuiti mlafi, huyo ana njaa.

Kahakikishe kwa mikono yako sio kwa macho, manake manyoya ya German Shepherd yanadanganya. Weka viganja ubavuni kwake, upitishe vidole bila kukandamiza. Mbavu ukizigusa kirahisi kama unavyogusa vifundo vya nyuma ya kiganja chako ukiwa umekikunjua, yuko sawa. Zikiwa zimechomoza kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Ukitafuta mbavu huzioni na ni mnofu tu, basi nimekosea hesabu na hapo kweli tuongelee ulafi.

Sasa kuhusu spidi yenyewe. Mbwa hajaumbwa kutafuna kama sisi. Taya lake linapanda na kushuka tu, haliendi pembeni kusaga kama la mbuzi, na mate yake hayaanzi kuvunja wanga mdomoni kama ya binadamu yanavyofanya, kazi ya mate ni kulainisha tonge lipite. Akishakata kipande kinachopita kooni anakimeza, shughuli inaanzia tumboni na kwenye utumbo mwembamba. Kwahiyo wale wanaosema "asipotafuna ugali haumeng'enywi" wasikutishe, wanga wa ugali unavunjwa na vimeng'enya vya kongosho, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionesha mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kazi hiyo kuliko mbwa mwitu wale wanaoitwa wolf, yaani kuishi na sisi na kula makombo yetu kumewabadilisha mpaka ndani. Ugali anauweza. Tatizo la kufakamia ni mambo mengine: anameza hewa nyingi pamoja na chakula, anaweza kukabwa, tumbo linatanuka ghafla, na hilo la kuurudisha.

Na hapo nikuulize kitu. Anavyourudisha, tumbo linakwenda kwa nguvu, anajikunja, anatoa sauti, alafu ndo kinatoka? Au anainamisha kichwa tu kinamwagika kama mtoto mchanga anavyocheua maziwa? Ni vitu viwili tofauti na nakuomba umrekodi kwa simu uone vizuri. Kutapika ni kazi ya tumbo, chakula kinatoka kimeshaanza kulainika, mara nyingi na majimaji ya njano. Kucheua hamna nguvu, ugali unatoka jinsi ulivyoingia, mara nyingine una umbo la mrija manake ulikuwa umekaa kwenye umio. Kwa mbwa aliyefakamia, kucheua mara moja moja ni kawaida na kule kuula tena kusikutie kinyaa sana, hata jike mwenye watoto anawacheulia watoto wake wale. Ila kila siku sio kawaida. Tunampunguza spidi kwanza, wiki mbili, na ikikata tumemaliza. Ikiendelea hata akila taratibu, usikae nyumbani unabadilisha mabakuli, mpeleke apigwe eksirei ya kifua, kuna ugonjwa wa umio kulegea na kutanuka, German Shepherd ni moja ya jamii zinazoupata, na hatari yake ni chakula kuingia kwenye mapafu. Akianza kukohoa na homa juu ya hayo hamna kusubiri wiki mbili.

Kabla sijafika kwenye njia za kumpunguza spidi, minyoo. Hujasema mara ya mwisho lini na mi uzoefu wangu mtu asiposema ujue ni zamani. Angalia chini ya mkia na mahali anapolala, ukiona vitu kama punje za mchele ni vipande vya tegu, huyo analetwa na viroboto, kwahiyo utibu na viroboto pia la sivyo baada ya mwezi umerudi pale pale. Mbwa mzima mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kwa uzito wake, yenye prazikwantel ndani kwa ajili ya tegu, usikate tu kidonge cha watoto ukatupia kwenye ugali. Na kama unawapa mapupu au maini ya buchani, chemsha. Mabichi yakiwa na malengelenge ya maji ndani ni hatari kwa mbwa na baadae kwa watoto wako wanaomshika shika.

Pia kuna magonjwa yanayomfanya mbwa ale kama ana shimo tumboni. Anakula sana na bado anakonda, na kinyesi kinakuwa kingi, laini, kimepauka, kina mafuta: hiyo mara nyingi ni kongosho kushindwa kazi, na hapa tena German Shepherd wanaongoza, jamii nzuri ila wana mambo yao. Anakula sana, anakunywa maji sana, anakojoa sana: apimwe kisukari. Na kama kuna mtu alimpa prednisolone kwa ajili ya kujikuna, hiyo dawa yenyewe inafungua njaa.

Haya, sasa niongelee kitu kinachonifanya nijibu swali lako kwa urefu hivi badala ya kukuambia "nunua bakuli la mafumbo, lile la kumchelewesha kula" tukaachana.

Miaka fulani nyuma nilipigiwa simu saa sita usiku, Boerboel, dume kubwa, mlinzi amemkuta anatangatanga uwanjani hatulii, anataka kutapika hatapiki, anatoa povu jeupe na mate yanavutika kama uzi. Mwenye nyumba akajua kalishwa sumu, mtaani kwao kulikuwa na wezi, akafanya wanachofanya watu wote, akammiminia maziwa lita nzima. Waliponifikishia mbwa kwenye pikapu, saa nane kasoro, tumbo nyuma ya mbavu za kushoto lilikuwa limevimba na ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Fizi nyeupe. Hakufika saa tisa. Haikuwa sumu, ilikuwa tumbo limejaa gesi na kujipinda, yaani mfuko wa tumbo unazunguka kama mfuko wa rambo uliousokota mdomo, hewa haitoki juu wala chini, mishipa ya damu inajibana, na bandama nayo inavutwa. Alikuwa analishwa sufuria moja kubwa usiku, anaimaliza kwa dakika moja, alafu anafunguliwa akimbie.

Sisemi Simba atapata hicho. Ila mbwa wakubwa wenye vifua virefu kwenda chini, German Shepherd, Boerboel, Rottweiler, Doberman, Great Dane, ndo wenye hatari, na vinavyoongeza hatari vinajulikana: mlo mmoja mkubwa kwa siku, kula haraka, umri kwenda, na kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupata. Ukiona dalili hizo, anataka kutapika hakitoki kitu, tumbo linakaza, hatulii, anatoa mate, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimpe chochote mdomoni, mtie kwenye gari na piga simu njiani dokta ajiandae. Ni upasuaji, na tunahesabu masaa, sio siku. Tafuta leo kliniki gani ya karibu inapokea simu usiku, namba iwe na mlinzi pia manake yeye ndo yuko macho.

Na hapo hapo ndo jibu la stendi ya jirani. Usinunue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walifuatilia mbwa wa jamii kubwa, wakatoa matokeo mwaka 2000, na bakuli lililonyanyuliwa lilionekana kwenda pamoja na hatari zaidi ya tumbo kujipinda, sio pungufu kama watu walivyokuwa wanaamini. Stendi inabaki kwa mbwa ambao dokta amesema wale wamesimama, kama wale wa umio. Wa kwako ale chini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Cha kwanza ongeza chakula na ukigawe. Usiruke kutoka robo kilo kwenda nusu kesho, atahara ulaumu mimi. Ongeza kidogo kidogo ndani ya wiki, unga ufike gramu 300 hivi, na kikubwa zaidi ongeza upande wa dagaa au mapupu ya kuchemsha au utumbo, manake ugali mtupu unajaza tumbo tu, misuli haijengwi na wanga. Dagaa waoshe, mchanga unakaa mle. Alafu hiyo jumla igawe mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa moja jioni. Ukishindwa mchana, basi mara mbili, ila mara moja tuachane nayo. Mlo wa jioni ale kabla ya kufunguliwa kwa ulinzi, apumzike kama saa zima ndo aanze kukimbizana na paka ukutani. Wengi wenu mnampa usiku ili "ashibe alinde vizuri", mbwa hafanyi kazi hivyo, aliyeshiba sana analala kama nyie tu.

Cha pili, chombo. Bakuli lenye kina ni zuri kwa mtu anayetumia kijiko, kwa mbwa linamkusanyia chakula chote sehemu moja ajaze mdomo. Chukua sinia pana, lile la bati la zamani, ugali upike laini kidogo kuliko wa kwenu, changanya na dagaa waliosagika, alafu upake kwenye sinia lote kwa mwiko mpaka uwe mwembamba kama unapaka siagi kwenye mkate. Uache upoe. Narudia uache upoe, manake ugali juu unapoa ndani bado moto, na mbwa anayefakamia hajui mpaka umeshapita kooni, nimeona mbwa ameungua ulimi na umio kwa ugali wa moto na mwenyewe anasema "mbona nilishika juu ulikuwa baridi". Ukishapoa mpe. Hawezi kuchota, inabidi alambe, na kulamba kuna breki yake. Kama una nafasi kwenye friza liingize hilo sinia nusu saa, joto la Dar atakushukuru, na itamchukua muda zaidi.

Hilo sinia ndo nalipenda kuliko vyote kwa sababu hakuna cha kununua na hamna anachoweza kumeza. Ukitaka bakuli libaki, weka jiwe katikati. Jiwe laini la mtoni, lioshwe, na liwe kubwa kuliko mdomo wake kiasi kwamba hata akijaribu kulibeba hawezi, manake kokoto za ujenzi nimeshazitoa kwenye utumbo wa mbwa kwa kisu. Chombo cha kuokea keki chenye tundu katikati nacho kinafanya kazi hiyo hiyo, anazunguka kama anasoma saa. Yale mabakuli ya mafumbo ya dukani yenye kuta kuta ndani ni mazuri kwa chakula kikavu cha punje, kwa ugali yanakuwa kero kuosha, ugali unaganda kwenye pembe na kesho unanuka, siafu wanajua nyumba yako.

Kuna na njia ya kumwaga chakula chini atafute kwa pua. Mbwa wanaipenda kweli, pua inafanya kazi, akili inachoka, analala. Ugali mgumu uliopoa uvunjevunje kama punje za mahindi, tupia kwenye majani. Majani nimesema, sio mchanga. Viwanja vingi vya Mbezi ni mchanga mtupu na mbwa anayekula juu ya mchanga anameza mchanga, ukikusanyika tumboni anaziba. Kama huna majani tandika mkeka wa zamani au taulo kuukuu, ukunje kunje uwe na mikunjo, chakula kiwe ndani ya mikunjo. Simama hapo hapo uangalie mara za mwanzo, kuna mbwa wanaoona ni rahisi zaidi kula na taulo lenyewe. Na anza na rahisi: siku ya kwanza ukimfanyia fumbo gumu wakati ana njaa atakasirika, ataligeuza sinia, na we utasema dokta kaniingiza mkenge.

Popi. Kambwa kadogo hakana shida, ila kwa Simba ni mshindani. Watoto wa mbwa wanajifunza kwenye kundi kwamba ukichelewa umelala njaa, na wengine hawasahau. Walishe sehemu ambazo hawaonani, mmoja nyuma ya nyumba mmoja ndani ya banda geti limefungwa, na usiwafungulie mpaka wote wamemaliza na umeokota vyombo. Sio kutenganisha mita mbili, mita mbili kwa mbwa ni meza moja. Kuna nyumba nilizoenda hili peke yake, bila jiwe bila sinia, lilipunguza spidi nusu.

Alafu hilo la kumnyang'anya bakuli, mdogo wangu, hapo umekosea, ingawa najua nani alikufundisha, ni ushauri unaozunguka kila kijiwe: "mnyang'anye ajue nani bosi". Fikiria ana njaa ya masaa 24, chakula kimekuja, na kila kikija kuna mkono unakuja kukichukua. Kinachomwingia kichwani ni kwamba ukikaribia wewe, chakula kinapotea, kwahiyo ameongeza spidi na ameanza kunguruma, vyote viwili umevipanda mwenyewe. Kunguruma usimpige. Huko ni kuongea, anakwambia sogea, ukimpiga ataacha kunguruma na ataanza kuuma bila hodi. Tunageuza mchezo: akiwa anakula pita kwa mbali, hatua nne tano, mrushie kipande cha kitu kitamu kuliko alichonacho, pupu la kuchemsha kwa mfano, alafu endelea na safari yako, usisimame kumkodolea macho. Fanya hivyo kila mlo. Siku utakapoona ukipita ananyanyua kichwa anatingisha mkia anakutafuta, sogea hatua moja, na usiruke hatua. Mpaka hapo watoto wasikaribie kabisa wakati wa chakula, na hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapita mwaka. Akimng'ata mtu hata kidogo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 alafu hospitali siku hiyo hiyo, chanjo ya mbwa isikufanye ukae nyumbani.

Mifupa ya kuku iliyopikwa usiweke kabisa kwa mbwa anayefakamia, inapasuka inakuwa na ncha. Na siku akikabwa, anajipangusa mdomo kwa miguu ya mbele, hapumui vizuri, mfungue mdomo uangalie, ukikiona kitu na kinashikika kivute, usichokoe kwa kidole usichokiona utakisukuma ndani. Kikigoma, simama nyuma yake, kunja ngumi chini ya mbavu pale tumbo linapoanzia, sukuma kwa nguvu kwenda ndani na juu kuelekea kifuani mara nne tano, angalia tena mdomoni, na kama kuna mtu mwingine yeye awe anawasha gari.

Chukua simu yako kesho jioni umpime muda kwenye bakuli la kawaida, uandike. Kesho kutwa mpime kwenye sinia. Kama alikuwa sekunde 30 mi naridhika akifika dakika tano, kumi ni zawadi. Uandike pia siku alizocheua. Baada ya wiki mbili niletee hizo namba na ile video, na uzito mpya kwa mzani huo huo wa bafuni: umbebe, mpande wote wawili, alafu utoe uzito wako. Dawa ya minyoo usisubiri hizo wiki mbili, mpe wiki hii, na Popi naye siku hiyo hiyo kwa dozi ya uzito wake.